Kazi ya Mzee Niliyoinakili

Mimi ni fundi wa mashine hapa Moshono, na nimemwibia mchongaji mmoja kazi yake. Sikuvunja mlango wala sikumvizia njiani. Aliniletea mwenyewe, akaniachia ilale karakanani kwangu, akaniamini. Nikainakili, nikaichonga upya kwa mashine kwenye mti mwingine, nikaupaka mti huo rangi ufanane na mpingo, nikaiuza mjini kwamba imechongwa kwa mkono. Hakuna aliyenishtaki. Naandika kwa kuwa waliouziwa bado hawajui, na kwa kuwa vijana wa Arusha wanazidi kununua mashine kama yangu. Baadhi yao nimewafundisha mimi.

Mashine yenyewe ni ile ya kazi tatu. Snapmaker, kampuni ya Shenzhen huko China, ni miongoni mwa zilizoipa jina aina hii kuanzia mwaka 2017, na siku hizi watengenezaji ni wengi. Fremu ni moja, meza ni moja, ila vichwa ni vitatu, unafungua kimoja na kufunga kingine. Cha kwanza kinayeyusha uzi wa plastiki kwenye joto la nyuzi 200 hivi na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Cha pili ni mota inayozungusha biti nyembamba, shina lake milimita 3 na kidogo, ya kuchonga mbao. Cha tatu ni leza, mwanga wa buluu unaokata plaiwudi nyembamba na kuchoma maandishi juu ya ngozi na mti. Vichwa vyote vitatu vinakwenda pande zilezile: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Hilo la pande naomba msomaji alishike, nitalirudia.

Mashine hiyo ilinilisha kwa halali kabla sijaingiwa na tamaa. Mtu analeta gia ya blenda iliyovunjika meno, dukani haiuzwi peke yake, lazima anunue blenda nzima; napima, nachora, nachapisha, anaondoka nayo. Mafundi cherehani wa Kijenge na Baraa walinijua kwa vifaa vidogo vya aina hiyo. Kampuni za utalii zilitaka vishikio vya funguo vyenye twiga, shule zilitaka vibao vya milangoni. Na vijana waliokuja kujifunza niliwabana kweli kweli. Leza haiwashwi bila miwani yake, maana mwanga unaodunda kwenye chuma unatosha kuunguza jicho lisipone tena. Reksini haikatwi kwa leza hata mteja akilia, kwa sababu ndani yake mna PVC, na PVC ikiungua inatoa hewa yenye asidi inayochoma mapafu na kula vyuma vya mashine. Niliyasema hayo kila asubuhi. Kuhusu kazi za watu zinazoachwa mezani kwetu sikuwahi kuwaambia neno.

Mzee huyo sitamtaja jina, amenikataza. Kwao ni upande wa Newala, na kuchonga alifundishwa na mjomba wake. Sanaa anayoifanya, ya Kimakonde, ina safari ndefu. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na ufundi wao ukaja nao. Dar es Salaam ilipata Mwenge, mahali ambapo mpaka leo unaweza kusimama ukasikia tezo na patasi zikigonga kutwa. Arusha ilipata watalii, na wachongaji wakawafuata. Mzee huchonga akiwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mti ameubana kwa nyayo, na patasi inakuja kuelekea kwake. Mara ya kwanza kumwona nilitaka kumwambia aangalie asijikate.

Anatumia mpingo wa kweli. Mti huo unahitaji miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kufaa. Nje ni mweupe wa manjano, kiini ni cheusi chenye uzambarau, na ni mzito kiasi kwamba ukikitia kiini chake majini kinazama. Ndio ule wanaotengenezea klarineti huko Ulaya. Kwa biti ndogo kama zangu ni adhabu: inalia, inapata moto, inakatika.

Alinijia kwa ajili ya leza. Watalii walikuwa wanamuuliza jina la mchongaji, yeye anaandika kwa msumari nyuma ya kazi, haipendezi. Akasikia kuna kijana Moshono anachoma herufi safi. Akapanda hiace na vibao vyake vimefungwa kwenye khanga, akavipanga mezani kimoja kimoja. Vilikuwa vibao vya kutundika ukutani, kwa sababu mgeni anataka kitu cha kulala chali ndani ya sanduku. Kimojawapo kilikuwa na mwanamke anayetwanga, mtoto mgongoni, na nyuma yao nyuso za wazee zikitoka ndani ya mti kama watu wanaochungulia dirishani. Nilikishika muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Umeme ulikuwa umekatika, nikamwambia, “Mzee, viache, kesho utavikuta tayari.” Akasema, “Haya mwanangu, nakuachia.”

Umeme ulirudi usiku. Nilichoma jina lake kwenye vibao vyote kama tulivyopatana, na hapo kazi niliyopewa ilikwisha. Kisha nikachukua simu. Ukikipiga kitu picha nyingi kutoka kila upande, kuna programu inazilinganisha na kujenga umbo lake zima ndani ya kompyuta. Tatizo ni kwamba mpingo uliosuguliwa ni mweusi na unang’aa, kamera haioni kitu cha kushika. Dawa yake inajulikana: unapaka poda. Nikachukua poda ya mtoto, nikainyunyiza juu ya uso wa yule mwanamke, juu ya mchi, juu ya mgongo wa mtoto, mpaka kibao kikawa cheupe. Nikakizunguka na simu. Nilipomaliza nikakisafisha kwa brashi na kitambaa, lakini poda iliingia kwenye mikunjo ya khanga aliyoichonga na haikutoka yote.

Asubuhi mzee akaiona. Akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akaniuliza ni nini hii nyeupe. Nikamwambia ni majivu ya leza. Akaitikia, akanilipa, akanishukuru.

Naulizwa na wachache ninaowasimulia kama wakati ule nilijua ninafanya nini. Nilijua. Mtu asiyejua haongopi kuhusu poda.

Nilianza kwa kuchapisha umbo lile kwa plastiki, dogo, la kutosha kiganjani, nione kama limetoka sawa. Lilitoka. Nikafunga kichwa cha kuchongea. Mbao nilizotumia ni za mgrevilea, mti wa kivuli wa mashamba ya kahawa huku Meru, rahisi kupatikana na mlaini kwa biti. Mashine inaanza na biti nene inayoondoa nyama ya juu, halafu inakuja biti yenye ncha ya mviringo, inatembea kwenda na kurudi, mstari kando ya mstari, kwa saa nyingi, na kila mstari unaacha tuta dogo ambalo jicho linaweza lisilione lakini kidole kinalisikia. Nilipiga msasa kuyaondoa matuta. Kisha nikapaka kiwi nyeusi ya viatu, nikaiacha inywe, nikapaka tena, nikasugua kwa brashi. Ujanja huo wa kiwi si wangu, uko sokoni tangu zamani, na wageni wengi wana “mpingo” wa namna hiyo nyumbani kwao.

Mwisho nikafunga leza, nikachoma nyuma ya kila kibao maneno ya Kiingereza ya kusema kimetengenezwa kwa mkono, Tanzania. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kiwi. Rangi ningeweza kusema mnunuzi aangalie mwenyewe. Maandishi niliyatunga mimi, nikayapanga kwenye kompyuta, nikachagua na mwandiko mzuri.

Sasa zile pande tatu. Kichwa cha mashine yangu kinashuka kutoka juu tu, hakiwezi kupinda kikaingia nyuma ya kitu. Kinyago cha ujamaa, lile gogo moja lenye watu wamebebana kutoka chini mpaka juu, mkono wa huyu umepita chini ya kwapa la yule na mwanga unapenya katikati, mashine kama yangu haikiwezi kabisa. Ndiyo maana niliiba kibao. Hata kwenye kibao, mzee alikuwa ameikata shingo kwa nyuma kidogo, kidevu kikaachana na mti, ukiingiza ukucha unapita. Kwangu pale pamejaa, kidevu kimegandana na ubao. Nilifikiri hakuna atakayeona, na karibu nipatie. Wenye duka la vinyago mjini walivipokea bila swali. Ulikuwa msimu, ndege zinashusha watu, magari ya safari yanapanga foleni. Bei yangu ilikuwa nusu ya bei ya mzee, na nilikuwa naweza kuleta vingine mara tu vikiisha.

Nilijipa hoja ili nilale. Nilisema wachongaji wenyewe wanaigana, na ni kweli. Mtindo wa shetani unaojulikana dunia nzima unatajwa kuanza na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, na baada yake kizazi kizima kikachonga mashetani. Mwanafunzi hujifunza kwa kurudia kazi ya mwalimu wake. Lakini nimekaa na wachongaji tangu hapo, na nimeona hoja yangu haisimami. Anayeiga kwa patasi inambidi aelewe kwa nini bega limekaa pale, na akishaelewa, kazi inatoka ikiwa na bega lake yeye. Mimi sikuelewa chochote. Mpaka leo siwezi kuchonga hata pua.

Kuna jambo jingine nililijua na nikalifumbia macho. Printa hizi za plastiki zilikuwa ghali mno kwa mtu wa Moshono mpaka hataza ya Scott Crump, Mmarekani aliyebuni njia hiyo ya kuyeyusha na kupanga tabaka, ilipomalizika mwaka 2009. Aliiombea mwaka 1989. Kwa miaka yote hiyo ubunifu wake ulilindwa, na ulipofunguliwa ndipo watu wengine wakaruhusiwa kuutumia, nami nikafaidi. Na mzee wa Newala analindwa pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua kazi ya kuchonga tangu inapokamilika mikononi mwa mchongaji, na inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Nilisubiri zamu yangu kwa mwenye karatasi na wakili, na kwa mwenye khanga na hiace sikusubiri hata siku moja.

Mzee alirudi kwangu msimu ukielekea kuisha. Nilidhani ameleta vibao vya kuchoma jina. Nikamwamkia, akaitikia taratibu, akafungua khanga, akatoa kibao kimoja. Kilikuwa changu.

“Mwanangu,” akasema, “wewe unajua mambo ya mashine. Niangalizie hiki. Dukani hawachukui tena kazi yangu, wanasema ipo ya bei nafuu. Nikanunua moja nione ni nani.”

Alikuwa ameshakitia kwenye ndoo ya maji kikaelea. Alikuwa ameshakikwaruza kwa kisu na kuona mti wa rangi hafifu chini ya kiwi. Ila alichotaka nikione kilikuwa kingine. Akaweka kidole kwenye shavu la mwanamke, karibu na taya, palipokuwa na chale tatu, na ya tatu imepinda kidogo na kushuka mpaka shingoni. Akanieleza kwamba alipokuwa anachonga kibao chake, mahali pale palikuwa na kifundo. Patasi iligonga kifundo ikateleza, ikakwangua taya. Alikaa akapafikiria, mwisho akaongeza mistari miwili juu, kosa likageuka chale.

“Angalia mti huu,” akasema. “Umenyooka. Hauna kifundo hapa wala karibu na hapa. Patasi yake iliteleza kwa nini?”

Sikumjibu. Kibao cha plastiki nilichochapisha kwa majaribio kilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, na chale ya tatu ilikuwa imepinda vilevile. Nilimwambia labda ni watu wa Dar es Salaam wenye mashine kubwa. Nikamlaani mwizi pamoja naye. Nikamchomea jina kwenye vibao vyake bure, na yeye akaona ni wema.

Kunakili nilikufanya kwa tamaa. Hili la kukaa mbele ya mtu mzima anayeniomba msaada, nikamwelekeza kwa watu wasiokuwepo, silipatii sababu. Nilikuwa na nafasi pale, tena yeye ndiye aliyenipa, alinifungulia kila kitu isipokuwa jina.

Niliendelea kunyamaza mpaka mmoja wa vijana ninaowafundisha alipofungua kompyuta yake mbele yangu kunionyesha kazi. Kulikuwa na mwanamke anayetwanga, amemvuta mara mbili ya ukubwa wake, anataka kumchonga kwenye mlango wa mteja. Alichukua faili kwenye mashine yangu. Alidhani ni mchoro wangu, tena alinisifia. Hapo nikaelewa kwamba kitu hicho kimeshatoka mikononi mwangu. Nilimweleza kijana ukweli wote, akalifuta mbele yangu. Kama alimpa mwingine kabla ya hapo hakunihakikishia, na sina namna ya kujua.

Nikamfuata mzee alipo. Nilimkuta chini ya mwarobaini, mti kati ya nyayo zake. Nilianza na shikamoo, nikasema yote, na poda pia. Aliendelea kupiga patasi kwa muda mrefu. Aliposimama hakunifokea. Aliniuliza nimeuza vingapi, na kwa nani. Nikamtajia. Akauliza nimebakiwa na vingapi. Nikamtajia. Akasema nimlipe kwa bei yake, si kwa bei yangu, kila kilichouzwa. Kisha akataka kuja Moshono kuona.

Alikuja na mjukuu wake wa kike anayejua kompyuta. Nilifuta faili wakiwa wamesimama. Mjukuu akauliza, “Na picha za kwenye simu?” Nilikuwa nimezisahau, au labda nilitaka kuzisahau. Nikazifuta. Mzee akachukua kile kibao kidogo cha plastiki kwenye rafu, akakigeuza, akakitia mfukoni, akaondoka nacho. Hakuniambia anakipeleka wapi.

Nilirudi dukani nikanunua vilivyobaki. Nikawaambia wenye duka kwamba ni mgrevilea na ni kazi ya mashine, wakaniambia nisiwaharibie biashara. Kwa mzee hawakurudi. Hilo nilitumaini ningeweza kulirekebisha na sikuweza: nafasi aliyoipoteza kwa sababu yangu imejazwa na vitu vya watu wengine, na yeye anauza kwingine, mbali zaidi, kwa wateja wachache. Namlipa kwa M-Pesa kidogo kidogo. Ujumbe wa kupokea unakuja. Simu zangu hapokei, na simlaumu.

Nawaambia vijana kwamba mashine hii ingeweza kumfaa mzee yule. Ningeweza kumkatia kwa leza visanduku vya plaiwudi vya kubebea kazi zake zisivunjike njiani. Ningeweza kumchapishia vishikio vya patasi vya kumfaa mkono wake ambao vidole vimeanza kukaza. Hata kuchonga, kama angetaka mwenyewe, tungeweza kupatana: mashine iondoe nyama ya juu, uso aufanye yeye, na nyuma tuandike ukweli wa nani kafanya nini. Yote hayo nilikuwa na uwezo nayo usiku ule umeme uliporudi. Siku hizi kazi ya mteja ikilala kwangu inafungiwa kabatini na ufunguo anao mke wangu, na kila kibao kinachochongwa na mashine kinaandikwa hivyo nyuma, pamoja na jina la mti. Wateja wengine wakisoma wanakirudisha mezani. Wana haki.

Kama uko Arusha au ulipita Arusha, au una ndugu ughaibuni aliyebeba zawadi kutoka huku, angalia ukutani. Ni kibao cheusi cha mwanamke anayetwanga, mtoto mgongoni, nyuso tano nyuma yake. Shavuni ana chale tatu, ya tatu imepinda kushuka shingoni. Ingiza ukucha chini ya kidevu. Ukipita, na nyuma kuna jina la mtu limechomwa, hiyo ni kazi ya mzee, itunze, ulilipa bei halali. Usipopita, na nyuma hakuna jina bali maneno ya Kiingereza ya kusema kimetengenezwa kwa mkono, hicho ni changu. Kilete Moshono au kitume, nitakurudishia fedha yako yote.